Mahari Tunaiandika: Juu ya Nini Vyombo vya Marehemu Hatuviandiki?

Kuna neno moja linalosikika kwenye vilio vya miji yetu, kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi: "Bintu bya yaya wetu, njo tunabeba." Mara nyingi linasemwa wakati maiti haijatoka hata nyumbani. Anayelisema ni ndugu ya marehemu, ao mwipwa wake, ao shangazi aliyefika asubuhi na gari la kukodi. Mjane amekaa chini kwenye mukeka, kichwa kimefungwa kitambaa, wala hana ruhusa ya kusema. Jioni ikifika friji imekwisha kutoka, viti vya salo vimetoka, mashini ya kushona imetoka, na hakuna hata karatasi moja inayoonyesha ni kitu gani kimetoka, kilikuwa na bei gani, na kimekwenda kwa nani.

Sisi tunaoandika katika kitabu hiki tunapenda mila. Ndiyo kazi yetu. Lakini kwa sababu tunazipenda, hatuwezi kunyamaza wakati jina la mila linatumiwa kama gunia la kubebea mali ya wengine. Katika kurasa hizi tunataka kusema jambo moja, na tunataka kulisema wazi: chombo chochote kisitoke katika nyumba ya marehemu mbele hakijaandikwa na kupimwa bei, mbele ya mjane, watoto na mashahidi. Anayekataa daftari amekwisha kutuonyesha anachotafuta.

1. Wabebaji na watupaji

Watu wanaoharibu urithi wa nyumba ni wa aina mbili, na mara nyingi hawapendani.

Wa kwanza ni wabebaji, wale tuliokwisha kuwataja. Hao wanajua vizuri kama vyombo vina bei. Wanachagua: televizio ndiyo, kitanda cha mutoto hapana. Waksi za mjane zilizo katika sanduku wanazifungua moja moja, wanaangalia kama ni za kweli ao za kuiga. Sufuria kubwa za kupikia kwenye sikukuu zinakwenda. Picha ya arusi inabaki ukutani, juu ya hiyo haiuzishwi sokoni.

Wa pili ni watupaji. Hawa wengi ni watu waliosoma, na tusikasirike tukisema kama wengi ni wenzetu. Ni mtoto aliyetoka Kinshasa, Afrika ya Kusini ao Ubelgiji, amepata ruhusa ya siku chache kwa mkubwa wake wa kazi. Anaingia katika nyumba ya baba yake, anakuta vyumba viwili vimejaa mpaka juu: masanduku, chupa, magazeti, redio 4 zilizokufa, baisikeli bila magurudumu, mafuko ya simenti yaliyokwisha kuwa mawe. Anashika kichwa. Anasema: "Muzee alikuwa anachunga takataka." Analipa vijana wa kartié, wanachoma nusu kwenye kiwanja, wanabeba nusu. Kwake yeye urithi ni parsele peke yake: nyumba na udongo. Vingine vyote si kitu.

Mbebaji anaiba kitu kwa sababu anajua bei yake. Mtupaji anakipoteza kwa sababu hajaiuliza. Wote wawili wanaogopa kazi moja, nayo ni kukaa chini na kuhesabu.

2. Wanasema ni mila. Mila gani?

Tuanze na wabebaji, kwani ndio wanaosimama juu ya jina la mababu.

Ni kweli kama katika makabila ya kwetu jamaa ya marehemu ilikuwa na haki. Wabemba na Walamba wanafuata ukoo wa mama, na mwipwa alikuwa mrithi wa mjomba wake. Waluba wa Katanga wanafuata ukoo wa baba. Lakini pande zote mbili kulikuwa na neno moja ambalo wabebaji wa leo wanalisahau kwa makusudi: kupyana. Aliyepyana marehemu hakuchukua upinde, shoka na mkaji peke yake. Alichukua jina lake, na pamoja na jina alichukua mzigo wake. Watoto wa marehemu walikuwa watoto wake. Njaa ya mjane ilikuwa haya yake. Deni la marehemu lilimfuata mpaka mlangoni. Mali na mzigo vilikwenda pamoja, na watu wakubwa wa kijiji walikuwa wanaangalia.

Sasa tuwaulize wale waliobeba friji: mulipyana nani? Minerval ya mutoto wa marehemu munailipa? Kodi ya nyumba munailipa? Mjane akigonjwa, munamupeleka hospitali? Wengi wao hatuwaoni tena mpaka kilio kingine. Basi wasituambie habari ya mila. Wameuchukua mkono mmoja wa mila, ule wa kupokea, na ule wa kutoa wameukata.

Tena, mababu hawakuwa na daftari la karatasi, lakini walikuwa na daftari la midomo. Vyombo vilionyeshwa kwenye kiwanja, mchana, mbele ya watu wa pande zote mbili. Na vyenyewe havikuwa vingi: jembe, shoka, upinde, nyungu, vikapu, labda msalaba mmoja wa shaba uliobaki kutoka mahari ya zamani. Kichwa cha mtu mmoja mwenye umri kiliweza kuvikumbuka vyote. Nyumba ya leo ina vitu mia tatu, mia nne, hata zaidi. Hakuna kichwa kinachoweza kushika hesabu hiyo kwenye kilio, wakati watu wanalia, wanakunywa na kugombana. Kwa hiyo kalamu haiui mila. Inafanya kazi ile iliyofanywa na mashahidi wa zamani.

Na kama mtu anatuambia kuandika ni mambo ya Wazungu, tumuulize juu ya mahari. Jamaa ya binti inapomungoja mukwe, inafanya nini? Inaandika liste! Mbuzi ngapi, suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi ya nkambo, taa, jembe, makuta ya bahasha, vyote vinaandikwa moja moja. Siku ya kupokea, mtu mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anahesabu, na kama blanketi inakosekana wanaambiwa wairudishe kesho. Hakuna anayeona haya. Hakuna anayesema tunafuata Wazungu. Basi ni kwa nini tunaweza kuandika kila kitu siku mwanamke anapoingia katika jamaa, na siku mume wake anapokufa kalamu inakuwa dhambi? Jibu ni rahisi, na kila msomaji analijua. Siku ya mahari daftari linatuletea. Siku ya urithi daftari linatuzuia.

3. Hesabu ambayo wabebaji hawaipendi

Nchi yetu ina sheria. Ile tunayoiita Code de la famille ilitoka tarehe 1 Agosti 1987, na ilitengenezwa upya kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Katiba ya 2006 nayo, katika kifungu cha 153, inakubali tribunali zifuate desturi, lakini kwa sharti desturi hiyo isipingane na utulivu wa umma ao mwenendo mwema. Kumnyang'anya mjane sufuria si mwenendo mwema katika kabila lolote tunalolijua.

Sheria inapanga warithi kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu, wale wa ndoa na wale waliozaliwa inje lakini baba aliwakubali kisheria wakati wa uhai wake, na pia watoto aliowapanga kuwa wake kwa sheria. Hao wanapata robo tatu ya urithi. Kundi la pili lina mafungu matatu: mjane ao mume aliyebaki, baba na mama wa marehemu, na ndugu zake. Mafungu hayo yanagawana robo iliyobaki, ni kusema kila fungu linapata sehemu moja juu ya kumi na mbili.

Lakini mbele ya kufika hapo kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Kama bwana na bibi hawakuchagua mpango mwingine siku ya kuandikisha ndoa, sheria inahesabu kama vitu walivyopata katika ndoa ni vyao wawili. Kwa hiyo nusu ya vitu hivyo si urithi hata kidogo. Ni mali ya mjane mwenyewe, kama vile angali na mume wake hai.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme vyombo vyote vya nyumba, vilivyonunuliwa katika ndoa, vimepimwa na vinafika dola 2 400. Tunatoa kwanza nusu ya mjane, dola 1 200. Inabaki 1 200 ya kugawa. Watoto wanapata 900. Mjane anapata tena 100. Wazazi wa marehemu, 100. Na ndugu za marehemu, wote pamoja, kama ni watatu ao ni tisa, wanapata 100. Dola 100! Na huyu ndugu mmoja peke yake amebeba friji, televizio na viti vya salo. Amebeba fungu lake, fungu la ndugu zake, fungu la mama yake mwenyewe, na amekula mpaka ndani ya sahani ya watoto.

Kuna jambo jingine. Sheria inamwachia mjane haki ya kutumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vilivyomo. Ni kusema hata kile kinachohesabiwa kuwa cha watoto ao cha ndugu, yeye anaendelea kukitumia: kulala kwenye kitanda, kupika katika sufuria, kukalia kiti. Kupima bei ya kiti si kukitoa nyumbani. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na wabebaji wanafurahi tukiyachanganya.

Sasa muone kwa nini hawataki kuandika. Bila orodha, hakuna 2 400. Bila 2 400, hakuna anayeweza kuonyesha kama 100 imepita. Mjane akienda tribunali atasema "walibeba vitu mingi", na mwamuzi atamuuliza: vitu gani, vingapi, vya bei gani? Atanyamaza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kwetu habari inabaki, juu ya kartié nzima inajua. Kinachokosekana ni ushahidi.

4. Nyumba iliyojaa ni benki

Tugeuke sasa kwa watupaji, ndugu zetu wenye diplome.

Munauliza kwa nini muzee alijaza vyumba viwili. Tunawajibu: juu ya alikuwa na akili na kumbukumbu. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilisema noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekufa, na watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha. Waliokuwa wamechunga makuta katika godoro waliamka maskini. Mwaka wa 1991 miji ikaporwa. Mwaka wa 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3 000 000 za zamani. Mwaka wa 1998 ikaja falanga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100 000. Mtu aliyeona hayo yote katika maisha moja, atachunga nini? Atachunga bati. Atachunga waksi, sahani za madini, misumari, waya, chuma. Noti inakufa kwa tangazo la redio, bati linangoja. Nyumba ile iliyojaa ilikuwa benki yake, na wewe umelipa vijana waichome.

Hatusemi kila kitu kilichorundikwa kina bei. Simenti iliyoganda ni jiwe. Kuna pia wazee waliozidisha, ambao mwisho hawakuweza kutupa hata karatasi ya sabuni, na nyumba ikajaa panya mpaka watoto hawakuweza kulala. Huo ni ugonjwa ao uchungu, na haufai kuchekwa. Lakini hata katika nyumba ya namna hiyo, hasa katika nyumba ya namna hiyo, cha maana kimelala katikati ya kisicho na maana, na hakuna anayeweza kukitambua akiwa amesimama mlangoni na kitambaa puani.

Vitu vya kwanza vinavyopotea ni karatasi. Mtu wa kizazi kile hakuwa na ofisi. Aliweka karatasi ndani ya Biblia, chini ya godoro, ndani ya bati ya maziwa, katikati ya magazeti. Humo kuna kitabu cha parsele. Humo kuna karatasi za mshahara za miaka yote, ambazo bila hizo mjane atahangaika kuonyesha haki ya pansio. Humo kuna karatasi ya ndoa, na karatasi za kuzaliwa za watoto, hata wa yule mtoto wa inje ambaye wengine wangependa asionekane. Humo kuna deni: aliyekopa kwa marehemu na hajalipa. Kuchoma rundo la magazeti bila kulifungua kunaweza kuwa kuchoma nyumba yenyewe, ile ile parsele ambayo munasema ndiyo urithi wa kweli.

Vitu vya pili ni vile vya ukumbusho, na hapa aibu ni yetu sote. Katika miaka ya 1970 kulikuwa karibu katika kila salo ya Lubumbashi picha ya rangi iliyochorwa na mafundi wa mji, mara nyingi juu ya kitambaa cha fuko la unga: mamba muntu, Colonie belge, na nyingine. Watu walizinunua kwa falanga kidogo tu, kama ukumbusho. Mmoja wa mafundi hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 picha karibu 100 za historia ya nchi yetu, kwa ajili ya mwalimu Johannes Fabian. Leo picha hizo zimo katika jumba la makumbusho huko Amsterdam. Je, ni ngapi za mafundi wenzake zimekwisha kufunika kuku katika viwanja vyetu? Hatuna hesabu, kwa sababu hakuna aliyeziandika.

Tutoe mfano mwingine. Mwaka wa 1965 chama cha wafanyakazi wa nyumbani wa zamani, waliokuwa maboyi wa Wazungu, kilitoa kitabu kidogo cha Kiswahili juu ya maisha ya Elisabethville, kwa mkono wa André Yav. Kilikuwa karatasi za kupigwa mashini, bila uzuri wowote. Ungekiona chini ya kitanda ungesema takataka. Kimefika mikononi mwa wenye elimu kwa sababu nakala yake haikutupwa, na leo kinasomwa duniani kama historia iliyoandikwa na watu wadogo wenyewe. Vilevile magazeti ya Mwana Shaba, yaliyokuwa yanatolewa kwa wafanyakazi wa Union Minière na kisha wa Gécamines: picha za mpira, za arusi, za watoto wenye afya, majina ya watu wetu. Mtupaji anawashia mbabula.

5. Bei ni bei gani?

Watatuambia: "Sawa, tuandike. Lakini bei tutaitoa wapi?" Hilo ni ulizo la haki, na lina jibu.

Bei ya kitu cha marehemu si bei ya magazini. Frigo ya miaka kumi si frigo mupya. Tena si bei ya haraka, ile ya mtu anayeuza kwa sababu amebanwa. Waliokuwa hapa katika 1992 na 1993 wanakumbuka jamaa za Wakasai zilizofukuzwa Katanga, namna zilivyouzisha vitanda na mashini kwenye stesheni kwa bei ya mkate. Ile haikuwa bei. Ulikuwa ni uchungu wa mmoja na tamaa ya mwingine. Bei ya haki ni ile ambayo mununuzi na muuzaji, wote wawili bila kulazimishwa, wangekubaliana sokoni siku hizi kwa kitu kama kile, katika hali ile ile.

Kwa hiyo tuwaite wenye kazi. Fundi wa mashini za kushona aje aizungushe na aseme kama inashona ao hapana. Seremala agonge kabati aseme ni muti gani. Mama wa sokoni anayeuza waksi aguse kitambaa. Kila mmoja atatoa bei, na kama jamaa haimwamini, waite wawili, wachukue ya katikati. Redio iliyokufa isiandikwe sifuri mbele ya kuulizwa: mota ina waya wa shaba, na sisi watu wa Katanga hatuna haja ya kufundishwa kama shaba inauzwa kwa kilo. Chuma kinapimwa kwa kilo. Sahani, vijiko na chupa zinapimwa kwa fungu, si moja moja, juu ya tusimalize mwezi tukihesabu vijiko.

Tena, tuandike kitu chenyewe, si bei peke yake. Sheria ya 1987 ilipotoka ilitaja urithi mdogo kuwa ule usiopita zaire 100 000. Tuipeleke hesabu hiyo katika falanga ya 1998: haifiki hata sehemu ndogo kabisa ya falanga moja. Sheria yenyewe, yenye wataalamu, iliachwa na makuta yake. Basi daftari linaloandika "friji, 80 000" litakufa kama noti. Daftari linaloandika "friji nyeupe, milango miwili, inafanya kazi, imenunuliwa katika ndoa, bei ya leo ni hii, tarehe ni hii", hilo litaeleweka hata nyuma ya miaka 20.

Na vile visivyo na bei ya soko? Picha, barua, kiti cha nkambo, msalaba wa shaba? Viandikwe pia, upande wake, bila bei, na jamaa ikubaliane nani atavichunga kwa ajili ya wote. Vitu vya kale vya kabila visiuzishwe kwa mpita njia mwenye gari nzuri. Tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni.

6. "Ni haya kuhesabu wakati wa machozi"

Hilo ndilo neno la mwisho la wapinzani wetu, na ndilo linalonyamazisha watu wema. Wanasema: mjane anayetaka daftari alikuwa anangojea kifo, mtoto anayeuliza habari ya kabati hana machozi.

Tunawajibu hivi. Hatukusema mutu ahesabu vijiko karibu na sanduku la maiti. Siku za kilio ni za kulia. Siku hizo kazi ni moja tu: kufunga. Chumba chenye vitu kifungwe, funguo mbili, moja kwa upande wa mjane na watoto, moja kwa jamaa ya marehemu, na asiingie mmoja bila mwenziwe. Kilio kikiisha, ndipo tuhesabu. Lakini angalieni: wale wanaosema ni haya kuhesabu ndio hao hao wanaobeba siku ile ile ya maziko. Kubeba si haya, kuandika ndiyo haya? Mwenye haya ya kweli angengoja.

Wengine wanaogopa kama kuandika kutaleta ugomvi. Sisi tumeona kinyume. Ugomvi tunaoujua, ule wa ndugu wasiosalimiana miaka 15 kwa sababu ya kabati, umetoka katika nyumba ambamo hakuna kilichoandikwa. Kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na ya kila mmoja inaongezeka kila mwaka.

7. Tunaomba nini

Tunaomba wazee wa jamaa, wachungaji na mapadri, wakubwa wa kartié, na zaidi wasomaji wa kitabu hiki, ambao mara nyingi ndio wanaoitwa kusema kwenye kilio, washike mambo haya:

Kwanza, chombo kisitoke mbele ya kuandikwa. Viti vya jirani, sufuria za kanisa na vitu vya kuazima virudishwe kwa wenyewe mbele ya mashahidi, navyo viandikwe kama vimerudi.

Pili, karatasi zote zitafutwe mbele ya yote. Fungua kila kitabu, kila mufuko wa koti, kila bati. Gazeti lisichomwe halijafunguliwa.

Tatu, rundo lipangwe kwa mafungu manne: karatasi; vitu vya watu wengine; vitu vya kupimwa bei pamoja na vya ukumbusho; na vya kutupwa. Fungu la kutupwa litoke la mwisho, nyuma ya mjane na watoto kuliona.

Nne, likidateri awe mmoja wa warithi, mkubwa wao kwa umri ao yule waliyemchagua wenyewe, na daftari lipigwe nakala: moja kwake, moja kwa mjane, moja kwa watoto, moja kwa jamaa. Wote watie mukono. Kama kuna mabishano, daftari hilo ndilo litakwenda tribunali.

Tano, na hili ni kwa walio hai: bwana na bibi waandike vyombo vyao leo, wakiwa na afya, katika kaye ya shule ya watoto. Muke ajue karatasi ziko wapi. Muzee mwenye vyumba vilivyojaa asingoje. Akae na mjukulu wake siku ya posho, amwambie kila kitu kilitoka wapi na kina maana gani. Hiyo nayo ni mila, ya kufundisha mtoto kwa mdomo. Kalamu inaisaidia tu.

Na jamaa inayokuja na gari la kukodi, tuipokee kwa heshima. Tuwape kiti, tuwape maji, tuwasalimie kwa majina yao: baba mukubwa, shangazi, shemeji. Kisha tuwawekee mezani daftari na kalamu, kama walivyotuwekea liste ya mahari siku ile tuliyokuja kuomba binti yao. Tuliisoma mpaka mustari wa mwisho na tukalipa. Leo ni zamu yao kusoma.